Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Ziwa Victoria: Tope limeandika, tulisome kabla ya kupanga

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Maji wa Tanzania, Kenya na Uganda,
Kwa Katibu Mtendaji, Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, Kisumu.

YAH: KUPIMA MASHAPO YA ZIWA KABLA YA KUWEKA VIWANGO VYA UBORA WA MAJI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Mwanza. Huu ni mwaka wa 27 kazi yangu ikiwa kuchota maji ya Ziwa Victoria kwenye chupa, kuyapeleka maabara na kuandika namba. Mimi ni mwenyeji wa Ukerewe. Nimezaliwa hatua chache kutoka mwaloni, baba akivua na mama akianika furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, juu ya miamba. Nawaandikia kwa sababu ya swali moja aliloniuliza mzee kwenye kikao cha wadau wa ziwa, nami nikashindwa kulijibu.

Tulikuwa tumemaliza kuonyesha michoro yetu, tukasema lengo ni kuyarudisha maji katika hali nzuri. Mzee akasimama, akavua kofia. "Wanangu," akasema, "hali nzuri ndiyo ipi? Ile ya mwaka gani?" Ukumbi ukawa kimya. Namba zetu tuliokaa meza ya mbele zilianzia miaka ya 1990, wakati ziwa limeshaumwa siku nyingi. Kupanga tiba kwa namba hizo ni kama kumpima mgonjwa siku ya tatu ya homa, ukaandika kwenye cheti kwamba hilo ndilo joto lake la kawaida.

Vipimo vya zamani vipo, lakini vimeachana sana. Michael Graham alilizunguka ziwa mwaka 1927 na 1928 akichunguza uvuvi. J. F. Talling alipima maji ya upande wa Jinja kwa utaratibu mwaka 1960 na 1961. Kati ya hao wawili, na baada yao, ipo miaka mingi ambayo hakuna aliyeteremsha chupa. Wazee wetu wanakumbuka kwamba waliziona nyayo zao wakiwa wamesimama majini hadi kifuani. Nawaamini, mama yangu ni mmoja wao. Ila huwezi kuandika "nyayo" kwenye jedwali la viwango.

Waheshimiwa, yupo shahidi ambaye miaka yote hiyo hakuondoka ziwani hata siku moja. Ni tope la chini.

Wataalamu huliita mashapo. Vumbi, udongo wa mashambani, masizi ya moto wa nyika, chavua za miti na mizoga ya viumbe wadogo huzama taratibu na kutua sakafuni mwa ziwa, vya leo juu ya vya jana. Kwenye kina kirefu, ambako mawimbi hayafiki na nyavu hazikokotwi, matabaka hayo hulala kwa mpangilio wake. Tope la urefu wa mkono wa mtu mzima linaweza kubeba habari za zaidi ya karne moja.

Ndani ya tope hilo mna visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa zamani. Najua neno hilo likitajwa wengi huwaza mijusi mikubwa ya Tendaguru au mafuvu ya Olduvai. Hivi vyetu huonekana kwa hadubini. Kuna diatomu, mwani wa chembe moja unaojijengea nyumba ya silika, yaani ya kioo. Mwani ukifa huoza, nyumba ikabaki. Kila spishi ina umbo lake na nakshi zake, na kila moja ina maji inayoyapenda: nyingine hustawi penye fosforasi, ile rutuba ya mimea, kidogo, nyingine penye fosforasi tele. Kuna vichwa vya mabuu ya usubi, wale wanaoinuka ziwani kama moshi na kutanda juu ya visiwa. Baadhi ya mabuu hao hawawezi kuishi bila oksijeni, wengine huvumilia, na vichwa vyao vigumu haviozi. Kuna rangi za mwani zenyewe, zilizofungika topeni. Kuna meno ya samaki, madogo kama chembe ya chumvi. Ukivihesabu hivyo tabaka kwa tabaka, unajua maji yalikuwaje mwaka ambao hapakuwa na mpimaji.

Naomba niwaeleze kazi yenyewe inavyofanyika, maana mara nyingi nimeona jambo hili likikataliwa kwenye bajeti kwa kudhaniwa ni la mitambo mikubwa. Bomba angavu la plastiki lenye uzito juu yake linashushwa kwa kamba kutoka kwenye boti. Linashushwa polepole mno. Ukilibwaga, linapeperusha tope laini la juu kabla halijaingia, na tope la juu ndilo la miaka yetu sisi. Likishazama, kifuniko kinajifunga na mnalivuta. Kinachotoka mimi hukiita mche, kwa sababu kinafanana na mche wa sabuni. Mche wangu wa kwanza ulikuwa kijani kibichi juu, unateleza kama mlenda, halafu ukawa mweusi, na harufu yake ilikuwa ya mayai viza. Huko chini ndani ya bomba rangi ilitulia, ikawa ya udongo wa kawaida. Nilisimama nimeushika kwa mikono miwili, nikijua kwamba mahali vidole vyangu vya chini vilipo ni kabla babu yangu hajazaliwa. Kisha mche unasukumwa na kukatwa vipande vya nusu sentimita, kila kipande na mfuko wake na namba yake.

Umri wa kila kipande haukisiwi. Angani mna aina ya metali ya risasi yenye mionzi, risasi-210, itokanayo na gesi ya radoni inayopanda kutoka ardhini. Hushuka kwa mvua na vumbi, ikazikwa pamoja na tope, na kila baada ya miaka 22 hivi nusu yake huwa imekwisha. Ukipima iliyobaki unapata mwaka, kwa miaka 100 hadi 150 iliyopita. Kwa matabaka ya zamani zaidi hutumika kaboni-14.

Basi tope la Victoria limeshasomwa, na lilichosema kipo wazi. Mwaka 2002 Dirk Verschuren na wenzake walichapisha usomaji wa mche uliotolewa kwenye kina kirefu, mbali na fukwe zote. Walikuta kwamba mwani ulianza kuongezeka miaka ya 1930, sambamba na ongezeko la watu na kilimo kwenye bonde. Hiyo ndiyo miaka baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901 na Mwanza mwaka 1928, pamba ikienea Usukumani na misitu ikifyekwa. Oksijeni ya chini ya ziwa ilianza kupungua mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1980 sayanobakteria, ule uchafu wa kijani unaoganda ufukweni kama rangi ya mafuta, wakawa ndio wenye ziwa.

Kwa nini iwe wakati ule na si mapema zaidi? Jibu lake ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Diatomu wanahitaji silika kujengea nyumba zao. Fosforasi ilipozidi, diatomu walineemeka, wakazaliana, wakafa, wakazama na vioo vyao. Miaka 50 hivi walikuwa wakibeba silika ya ziwa na kuizika topeni, kidogo kidogo, mpaka ikafika mahali silika ya majini ikawa inaisha kila msimu. Sayanobakteria hawana haja ya silika. Walipokuta wenzao wamekwama, wakaichukua nafasi. Kwa hiyo miaka yote ile watu walipoliona ziwa kwa juu na kusema bado lina nafuu, ndani yake lilikuwa linatumia akiba. Hakuna chupa ya maji ingewaambia hilo. Tope tu ndilo linaloonyesha akiba ilivyozikwa.

Na hili si jambo la wasomi peke yao. Baadhi ya sayanobakteria hutoa sumu inayoshambulia ini. Tuliolelewa kuambiwa "chemsha kwanza" tujue kwamba kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi sumu hiyo. Kuna akina mama wanaochota ndoo asubuhi kwenye maji ya kijani, wanachemsha kwa kuni walizozitafuta kwa jasho, na wanaamini wamewakinga watoto.

Sasa nifike kwa sangara, maana kila kikao huishia kwake. Ni kweli sangara alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, akaongezeka kwa kishindo miaka ya 1980, na furu, ambao walikuwa spishi karibu 500, wakatoweka kwa wingi wa kutisha. Graham alikuwa ameonya kwenye ripoti yake ya 1929 kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake bila utafiti wa kina ni hatari kubwa. Hakusikilizwa. Simtetei sangara. Lakini tope linaonyesha kwamba oksijeni ya chini ilianza kupotea karibu miaka 20 kabla ya kishindo hicho, na watafiti wanasema kupotea huko huenda kulichangia maangamizi kwa kuwanyang'anya furu wa kina kirefu makao yao. Tofauti hii ina uzito kwenye bajeti zenu. Kama kosa lote ni la sangara, hakuna la kufanya isipokuwa kumvua. Kama sehemu ya kosa ni udongo na maji machafu tunayoyaingiza, basi kazi iko kwenye mito inayoingia ziwani: iko Simiyu, iko Nyando, iko Kagera, iko kwenye Mto Mirongo unaopita katikati ya jiji letu hapa Mwanza. Iko pia hewani, kwani sehemu kubwa ya fosforasi ya ziwa hili hushuka na mvua na vumbi, ikiwemo ile ya moshi wa mashamba tunayoyachoma.

Furu hao wenyewe wameacha ushahidi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Nare Ngoepe na wenzake, waliochambua maelfu ya meno ya samaki kutoka kwenye miche ya Victoria inayorudi nyuma miaka 17,000 hivi, tangu ziwa lilipoanza kujaa tena baada ya kukauka. Ndiyo, lilikauka, na chini kabisa ya miche mirefu hukutwa udongo wa nchi kavu. Nilipoisoma kazi hiyo nilimkumbuka mama na miamba yake ya kuanikia. Samaki aliyetulisha alikuwepo tangu maji ya kwanza kurudi, nasi tumempoteza katika umri wa mtu mmoja.

Wenzetu wa Ziwa Tanganyika nao wana la kujifunza hapa. Mwaka 2024 Tanzania ililifunga ziwa lile kwa uvuvi kwa miezi mitatu, na wavuvi wakaambiwa wamevua mno. Wanavua mno, sibishi. Lakini utafiti wa Andrew Cohen na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta mabaki ya samaki na ya konokono yakipungua kwenye mashapo tangu karne ya 19, kadiri maji yalivyopata joto, miongo mingi kabla ya uvuvi wa kibiashara kuanza. Mvuvi wa Kigoma anayebebeshwa lawama yote ana haki ya kuujua ukweli wote.

Tope nalo lina mipaka yake, na nisipowaeleza nitakuwa nimewadanganya. Minyoo hulivuruga. Baadhi ya nyumba za diatomu huyeyuka. Mche mmoja wa katikati ya ziwa la kilomita za mraba 68,800 hauwezi kuisemea Ghuba ya Winam kule Kenya, wala Ghuba ya Mwanza, wala ya Murchison kule Kampala. Na hapo ndipo ombi langu lilipo, kwa sababu watu hawanywi maji ya katikati ya ziwa. Jiji la Mwanza linavuta sehemu ya maji yake Capri Point. Kampala inavuta sehemu ya maji yake Ggaba, kwenye ghuba ileile inayopokea maji ya mfereji wa Nakivubo. Hali nzuri ya ghuba yenye kina kifupi si lazima iwe sawa na ya kina kirefu. Huenda baadhi ya ghuba zilikuwa na ukijani wake tangu enzi za mababu, na nyingine zilikuwa safi kama kioo hadi juzi. Tukiziwekea ghuba zote kiwango kimoja, mahali pengine tutatumia fedha kupigana na maumbile, na mahali pengine tutaridhika na uchafu.

Najua mtaniuliza kama serikali yoyote imewahi kupanga kwa kutumia tope. Zimepanga. Nchini Uingereza miaka ya 1980 kulikuwa na ubishi kuhusu maziwa ya Galloway, kusini-magharibi mwa Scotland, yaliyogeuka kuwa na asidi na kupoteza samaki. Wengine walisema ni moshi wa viwanda na mitambo ya umeme, wengine wakasema ni misitu mipya iliyopandwa. Rick Battarbee na wenzake wakasoma diatomu. Asidi ilikuwa imeanza karne ya 19 pamoja na viwanda, kabla hata ya miti kupandwa, na hata kwenye ziwa ambalo kandokando yake hakukupandwa miti. Nao Umoja wa Ulaya, kwenye mwongozo wake wa maji wa mwaka 2000, unazitaka nchi wanachama zitaje hali ya asili ya kila aina ya ziwa kabla ya kupanga malengo, na ushahidi wa mashapo umetajwa kuwa mojawapo ya njia zinazokubalika. Lile swali la mzee wetu, kwao limeandikwa kwenye sheria.

Sisi miche yetu iko wapi? Mingi iko kwenye vyumba baridi vya vyuo vya Marekani na Ulaya. Nashukuru imetunzwa. Lakini mwanafunzi wa Mwanza akitaka kuliona tope la nyumbani kwake inabidi aombe viza, na matokeo yakirudi hurudi kwa Kiingereza kisichofika kwa diwani wala kwa mwenyekiti wa kikundi cha ulinzi wa mwalo.

Na huku nyumbani kuna lililonitoa machozi. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, ambayo sitaitaja, ilikuwa na miche minne ya ghuba. Tuliitoa kwa siku sita za jua kali, na mwenzetu mmoja nusura azame. Tuliihifadhi kwenye jokofu tukisubiri fedha za kuipima umri. Fedha hazikuja. Umeme ulikatika wikendi moja ndefu, jenereta haikuwa na mafuta, na hakukuwa na mtu aliyepewa jukumu la kuangalia. Nilipofungua Jumanne nilikuta tope limevimba, limepasuka na kuota ukungu. Zaidi ya miaka 100 ya ghuba ile tukaimwaga kwenye ndoo. Hakuna aliyeulizwa, kwa sababu kwenye daftari la mali za ofisi miche ile haikuwa imeandikwa. Iliandikwa kiti, meza na feni.

Waheshimiwa, naomba miche ya mashapo ihesabiwe kuwa mali ya umma kama nyaraka za makumbusho, na pawepo angalau chumba baridi kimoja kila nchi chenye umeme wa akiba na mtu anayewajibika. Taasisi za utafiti wa uvuvi zilizopo Mwanza, Kisumu na Jinja ndizo zinazofaa kukaa nacho, na mafundi wanaojua kushika bomba wapo humo, ingawa wengi wetu tunakaribia kustaafu na hatujapewa vijana wa kuwarithisha.

Naomba pia vizimba vya kufugia samaki visiendelee kuongezwa kwenye ghuba kabla mche haujatolewa pale vitakapowekwa. Chakula cha samaki kina fosforasi, na kisicholiwa kinashuka chini pamoja na kinyesi. Ghuba ambayo tope lake linaonyesha chini tayari hamna oksijeni ni hatari kwa mfugaji mwenyewe: upepo ukiyageuza maji, yale ya chini yakapanda, samaki wake wanakufa kizimbani kwa usiku mmoja na yeye anabaki na mkopo. Kumwambia ukweli huo mapema ni kumsaidia.

Na naomba viwango vya ubora wa maji mtakavyovipitisha kwa pamoja viseme wazi, kwa kila ghuba, vinarejea hali ya miaka ipi na ushahidi wake ni upi. Maji mengi ya ziwa hili huingia kwa mvua na kutoka kwa mvuke. Mto unaoyatoa ni mmoja tu, Nile, pale Jinja. Tunachokiingiza leo hakisombwi kwenda mbali, kinabaki humu kwa watakaotufuata, na wao pia wataisoma miaka yetu kwenye tope hilohilo.

Miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa kusini huchafua ziwa, na boti ndogo haiwezi kutulia juu ya kamba. Baada ya hapo maji hutulia. Tukipata idhini na fedha za kupima umri kabla ya Septemba, miche ya kwanza ya Ghuba ya Mwanza inaweza kuwa imekatwa na kuwekwa kwenye mifuko kabla ya mwaka kwisha. Yule mzee bado yuko hai, na nimemwahidi kwamba nitarudi kwake na mwaka.

Nasubiri majibu yenu.

Fundi sanifu wa maabara ya maji,
Mwanza